Sikukuu ya Daraja la Golden Gate na Hesabu za Mwalimu Ellis

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 24 Mei 1987, watu walianza kukusanyika kabla ya mapambazuko katika ncha mbili za daraja la Golden Gate, mjini San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani. Daraja lilikuwa likitimiza miaka 50, na wenye mamlaka walikuwa wamekata shauri kulifunga kwa magari kwa saa chache, ili wananchi walivuke kwa miguu kama wazazi wao walivyolivuka siku ya ufunguzi, tarehe 27 Mei 1937. Waliotazamiwa walikuwa wachache mno kuliko waliofika. Yakadiriwa kwamba watu wapatao 800,000 walikusanyika pande zote mbili, na kati yao 300,000 hivi wakaingia juu ya daraja lenyewe. Waliotoka upande wa mji walikutana katikati na waliotoka upande wa kaskazini, na hapo wakakwama kwa muda mrefu, bega kwa bega, pasiwe na wa kwenda mbele wala wa kurudi nyuma.

Waliokuwa wakitazama kwa mbali waliona ajabu. Barabara ya daraja lile kwa kawaida imeinuka kidogo katikati, mfano wa mgongo wa upinde. Siku ile upinde ulitoweka. Uzito wa watu uliikandamiza barabara ikashuka kiasi cha mita 2, ikawa imenyooka kama ubao wa meza. Mtu asiyejua angedhani kwamba daraja linakaribia kuanguka. Lakini daraja lilisimama, umati ukapungua pole pole, na barabara ikarudi mahali pake. Daraja lile lilikadiriwa tangu mwanzo kwamba laweza kushuka hata mita 3.3 katikati bila ya kudhurika.

Kadirio hilo lilitokana na hesabu zilizofanywa zaidi ya nusu karne kabla ya siku ile, kwa kalamu na karatasi, na sehemu kubwa ya hesabu hizo ilikuwa kazi ya mtu ambaye sherehe za ufunguzi wa mwaka 1937 hazikumtaja. Jina lake ni Charles Ellis. Tunamleta katika ukurasa huu wa walimu kwa sababu naye alikuwa mwalimu, na kwa sababu habari zake zatufundisha jinsi historia ya kazi kubwa inavyoandikwa, na nani huiandika.

Kwanza tuseme machache juu ya mahali penyewe. Golden Gate, yaani Lango la Dhahabu, ni jina la mlango wa bahari ambamo maji ya Pasifiki huingia katika ghuba ya San Francisco. Wengi hudhani kwamba jina hilo latokana na dhahabu iliyogunduliwa California mwanzoni mwa mwaka 1848. Sivyo. Mpelelezi wa jeshi, John C. Frémont, alilitoa mwaka 1846, akaliandika kwa Kigiriki, Chrysopylae, kwa kuifananisha bandari hiyo na ile ya Istanbul iitwayo Pembe ya Dhahabu. Daraja nalo halina rangi ya dhahabu. Vyuma vyake vilipofika vilikuwa vimepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na msanifu Irving Morrow, alipoziona rangi zile kando ya vilima na ukungu, akapendelea rangi ya chungwa lililoiva sana. Jeshi la wanamaji lilikuwa likitaka mistari myeusi na ya manjano, ili meli ziweze kuliona. Twashukuru kwamba halikusikilizwa.

Lugha yetu yaweza kutusaidia kuelewa namna daraja hili linavyofanya kazi. Neno daraja tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni kipandio au cheo, maana ambayo sisi pia tunayo tusemapo daraja la kwanza na daraja la pili. Kiswahili kina neno jingine la zamani, ulalo, yaani gogo lililolazwa juu ya kijito ili watu wapite. Neno hilo latokana na kulala, na kwa kweli gogo hulala: uzito wote hushuka katika kingo mbili, na gogo lenyewe hukandamizwa upande wa juu na kuvutwa upande wa chini. Mto ukizidi upana gogo huvunjika kwa uzito wake lenyewe. Daraja la kuning'inia halilali. Hutundikwa. Mfano wake ni kamba ya kuanikia nguo iliyopitishwa juu ya miti miwili na kufungwa kwenye vigingi ardhini. Nguo ni barabara, miti ni minara, na vigingi ni nanga za zege zilizozikwa katika ardhi ya pande zote mbili. Kamba haikandamizwi popote. Huvutwa tu, na chuma ni hodari sana kwa kuvutwa. Ndiyo maana madaraja marefu kupita yote duniani ni ya namna hii. Wasomaji wetu wa Kongo wanalo la kwao huko Matadi, lililofunguliwa mwaka 1983, ambalo nafasi yake kati ya mnara na mnara ni mita 520. Ile ya Golden Gate ni mita 1,280, na hadi mwaka 1964 haikuwapo nyingine duniani iliyoizidi.

Mtu aliyeshikilia shauri la kuuvuka mlango ule ni Joseph Strauss, mzaliwa wa Cincinnati, mtu wa kimo kifupi na matumaini marefu. Alipohitimu chuo mwaka 1892 alikuwa malenga wa darasa lake, na tasnifu yake ilipendekeza daraja la kuunganisha Amerika na Asia katika mlango wa bahari wa Bering. Baadaye alijenga mamia ya madaraja madogo ya kuinuka, yale yanayofunguka ili meli zipite. Mwaka 1921 alitoa mchoro wa daraja la Golden Gate kwa makadirio ya dola milioni 27, wakati wengine walisema kazi hiyo ingekula zaidi ya milioni 100. Mchoro wenyewe ulikuwa mbaya. Nusu yake ilikuwa mihimili mizito ya chuma na nusu ya kuning'inia, na wakosoaji walisema wafanana na mtego wa panya uliopinduliwa.

Hata hivyo Strauss haki yake apewe. Kwa zaidi ya miaka 10 alizunguka katika miji na mashamba ya kaskazini ya California, akihutubia na kubishana na kushawishi. Wenye feri walipinga, maana abiria na magari ndiyo mkate wao. Kesi zikaja moja baada ya nyingine. Mnamo Novemba 1930, wakati uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, wananchi wa wilaya 6 walipiga kura ya kukopa dola milioni 35, wakaweka nyumba, mashamba na biashara zao kuwa dhamana. Waliokubali walikuwa watatu kwa mmoja aliyekataa. Mkopo huo na riba yake ulimalizika kulipwa mwaka 1971, wote kwa ushuru wa wavukao. Bila ya Strauss kura ile isingepigwa.

Lakini kuhutubia ni kazi moja, na kukokotoa ni kazi nyingine. Strauss hakuwa na uzoefu wa daraja refu la kuning'inia, na alilijua hilo. Ndani ya kampuni yake huko Chicago alikuwamo Charles Ellis, aliyeajiriwa mwaka 1922. Ellis alizaliwa Maine mwaka 1876. Shahada yake ya kwanza ilikuwa ya hisabati na Kigiriki, siyo ya uhandisi. Alifundisha katika chuo kikuu cha Michigan, kisha Illinois, na mwaka 1922 alitoa kitabu cha kiada juu ya nadharia ya majengo ya fremu. Ni mwalimu wa aina tunayoifahamu: asiyeridhika na jibu mpaka ameliangalia kwa njia ya pili. Kwamba msomi wa Kigiriki ndiye aliyepewa kulipigia hesabu daraja lenye jina la asili ya Kigiriki ni sadfa tu, lakini yapendeza.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Leon Moisseiff wa New York, mmoja wa washauri wa mradi. Moisseiff alikuwa ameendeleza nadharia iliyobadili ujenzi wa madaraja. Wahandisi wa kale waliogopa kupinda. Walitaka daraja liwe gumu kama mwamba, na kwa hiyo waliliongezea chuma, na chuma kikaongeza uzito, na uzito ukadai chuma zaidi. Nadharia mpya ilisema kwamba barabara na kamba, zinapopinda pamoja chini ya mzigo au upepo, hugawana nguvu ile, na sehemu kubwa yake husafiri kwenye kamba mpaka minarani na kwenye nanga. Hivyo daraja refu laweza kuwa jembamba, mradi mtu ajue kwa hakika litapinda kiasi gani. Na hapo ndipo hesabu zilipokuwa ngumu, kwa kuwa kila kupinda hubadili mvuto wa kamba, na mvuto ukibadilika kupinda nako hubadilika. Moisseiff akiwa New York na Ellis akiwa Chicago, waliandikiana barua na simu za maandishi, mmoja akisahihisha tarakimu za mwingine. Mtego wa panya ukatupwa. Likaja daraja la kuning'inia tupu, minara ya mita 227, kamba mbili, na barabara nyembamba kama utepe. Kwa mujibu wa hesabu, upepo mkali ungeweza kuisukuma barabara katikati kwa mita 8.4 upande upande bila ya kuivunja.

Mwishoni mwa mwaka 1931 Strauss alichoka kungoja. Aliona kwamba Ellis anapoteza muda na fedha kwa kurudia hesabu zilizokwisha kutosha. Alimwamuru aende likizo, na kabla likizo haijakwisha akamwandikia barua kwamba asirudi, kazi yote amkabidhi msaidizi wake. Marekani ilikuwa katika shida kubwa ya ajira, na Ellis hakupata kazi. Kwa miezi kadhaa, akiwa nyumbani, bila mshahara, aliendelea kuzikagua hesabu za daraja lile kuanzia mwanzo. Hapakuwa na mtu aliyemwomba. Mwaka 1934 alipata nafasi ya kufundisha katika chuo kikuu cha Purdue, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 1946. Alifariki mwaka 1949.

Ujenzi ulianza tarehe 5 Januari 1933. Mnara wa kaskazini ulipata mwamba ufukweni; ule wa kusini ulibidi usimamishwe ndani ya bahari, zaidi ya mita 300 kutoka pwani, katika mkondo mkali. Wapiga mbizi waliweza kufanya kazi chini kwa dakika chache tu, pale maji yanapotulia kati ya kupwa na kujaa, kisha lazima watoke. Gati la muda lililojengwa kuelekea mnara huo liligongwa na meli katika ukungu, likajengwa tena, likavunjwa na dhoruba, likajengwa tena. Vyuma vilitengenezwa mashariki ya nchi na kuletwa kwa meli kupitia mfereji wa Panama.

Kamba zilifanywa na kampuni ya Roebling, ile ile ya jamaa waliojenga daraja la Brooklyn lililofunguliwa mwaka 1883. Kamba ya unene wa sentimita 92 haiwezi kuinuliwa na mashine yoyote hadi juu ya minara, kwa hiyo haikuletwa ikiwa kamba. Ilisukwa pale pale hewani, waya mmoja mmoja, magurudumu yakienda na kurudi baina ya pande mbili, mpaka nyaya 27,572 zikakusanywa na kubanwa ziwe kamba moja. Nyaya za kamba zote mbili, lau zingeungwa ncha kwa ncha, zingekuwa na urefu wa kilomita 129,000 hivi. Kazi hiyo ilichukua muda wa miezi sita na kitu.

Katika miaka ile wahandisi wa Marekani walikuwa na desturi ya kutisha: walihesabu kwamba kila dola milioni moja ya ujenzi itaua mfanyakazi mmoja. Kwa kipimo hicho daraja hili lingeua watu 35. Strauss hakuikubali desturi hiyo. Alilazimisha kofia ngumu, akatandika wavu wa kamba chini ya barabara yote iliyokuwa ikijengwa, kwa gharama ya zaidi ya dola 130,000. Wavu huo uliwadaka wanaume 19, na wao kwa mzaha wakajiita chama cha waliofika nusu ya njia ya Jehanamu. Kwa karibu miaka minne hakufa mtu. Wa kwanza alikufa Oktoba 1936. Kisha, tarehe 17 Februari 1937, miezi mitatu tu kabla ya ufunguzi, jukwaa la kazi lilikatika, likaanguka juu ya wavu na kuupasua, na watu 10 wakazama. Jumla 11. Wavu ule, kwa maoni yangu, ndio sifa kubwa ya Strauss kuliko daraja lenyewe.

Siku ya ufunguzi watu wapatao 200,000 walivuka kwa miguu, wengine wakikimbia, wengine wakiteleza kwa viatu vya magurudumu, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza wa namna fulani. Kesho yake Rais Roosevelt alibonyeza kitufe cha simu ya maandishi akiwa Washington, na magari yakaruhusiwa. Strauss alitunga shairi la kusherehekea kukamilika kwa kazi. Mwaka uliofuata alitoa taarifa rasmi ya mradi, ambamo Ellis hakutajwa, na mwezi wa Mei 1938 akafariki. Mwaka 1941 sanamu yake ilisimamishwa upande wa kusini. Kwa miongo mingi kila mwanafunzi aliyeulizwa nani alilisanifu daraja la Golden Gate alijibu Strauss, akapewa alama yake.

Hapa hatuna budi kuwa waangalifu tusije tukaondoa shujaa mmoja na kumweka mwingine mahali pake. Nadharia ya kupinda haikuwa imekamilika. Tarehe 7 Novemba 1940 daraja la Tacoma Narrows, katika jimbo la Washington, lililosanifiwa na Moisseiff kwa fikira zile zile na kuwa jembamba zaidi, lilianza kujinyonganyonga katika upepo usio mkali sana, likaporomoka majini miezi minne tu baada ya kufunguliwa. Wahandisi walikuwa wameupima upepo kama mzigo unaosukuma. Hawakujua bado kwamba upepo waweza kulitikisa daraja kidogo kidogo mpaka mtikiso wenyewe ukajizidisha. Moisseiff alifariki mwaka 1943, jina lake likiwa limefunikwa na maanguko hayo. Golden Gate nalo lilitikiswa: Desemba 1951 upepo uliliyumbisha hata likafungwa, na katika miaka ya 1953 na 1954 likaongezewa mihimili ya chini ya kulikaza. Aidha, kati ya mwaka 1982 na 1986 barabara yake ilibadilishwa ikawekwa nyepesi zaidi, na daraja zima likapungua uzito kwa zaidi ya tani 11,000. Wale 300,000 wa mwaka 1987 walibebwa na hesabu za Ellis pamoja na marekebisho ya watu waliokuja baada yake, ambao nao majina yao hayasomwi kwenye sherehe.

Mambo ya Ellis yalianza kujulikana kwa watu wengi mwaka 1986, mwandishi John van der Zee alipotoa kitabu cha historia ya daraja na kueleza jinsi alivyofukuzwa. Kwa hiyo umati ulipokwama juu ya daraja mwaka uliofuata, habari zake zilikuwa tayari zimechapwa, ila wachache tu walikuwa wamezisoma. Usiku wa sikukuu ile minara iliwashwa taa kama Morrow alivyokusudia tangu awali, jambo lililoahirishwa kwa miaka 50. Ellis alingoja zaidi. Mwaka 2007 mamlaka ya daraja, katika taarifa yake ya miaka 70, ilikiri kwamba sehemu kubwa ya usanifu ilikuwa kazi yake. Mwaka 2012, daraja lilipotimiza miaka 75, chama cha wahandisi wa ujenzi cha Marekani kiliweka bamba la kumkumbuka.

Katika sikukuu hiyo ya mwaka 2012 wenye mamlaka hawakurudia kulifunga daraja ili watu wavuke kwa miguu. Walirusha fataki. Na mwanzoni mwa mwaka 2024 ulikamilika wavu mwingine, wa chuma kisichoshika kutu, uliotandazwa pande zote mbili za daraja kuwaokoa watu waliokata tamaa ya maisha, ambao wengi walikuwa wamepotea hapo tangu mwaka 1937. Ndugu na wazazi wao walikuwa wameuomba kwa miaka mingi. Ule wa Strauss ulitandikwa ndani ya miezi michache.